Chombo na Nyumba Yake: Urithi wa Bahari katika Pwani ya Waswahili

Anayesoma maandishi juu ya urithi wa pwani ya Afrika Mashariki hukutana kwanza na mawe. Hukutana na misikiti ya Kilwa, makaburi yenye minara, milango iliyochongwa ya Lamu na Unguja, na kuta nene za matumbawe zilizopakwa chokaa. Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO imefuata mkondo huohuo: magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa mwaka 1981, Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 2000, Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001, na Fort Jesus ya Mombasa mwaka 2011. Yote hayo ni majengo. Hata hivyo, hapana mji hata mmoja kati ya hiyo ambao ungalikuwapo pasipo vyombo vya baharini. Boriti za dari zililetwa kwa chombo. Vyungu vya China na nguo za Bara Hindi zililetwa kwa chombo. Wenye nyumba wenyewe, au babu zao, mara nyingi walifika kwa chombo.

Makala haya yanakusudia kushughulikia swali ambalo kwa kawaida huachwa kando: chombo chenyewe kiliwekwa wapi? Nahodha alikuwa na nyumba, mfanyabiashara alikuwa na ghala, maiti alikuwa na kaburi la mawe. Jahazi na mtepe vilikaa wapi pepo zilipokuwa mbaya, na kwa nini mahali hapo hapaonekani katika ramani za wahifadhi? Swali laweza kuonekana dogo. Lakini jibu lake laeleza kwa nini urithi wa bahari wa Waswahili umepotea kwa haraka kuliko urithi wao wa nchi kavu, na ni wapi ungali waweza kupatikana.

Nyumba ya chombo huko Norwei

Ili jambo hili lidhihirike, yafaa kutazama kwanza nchi ambako nyumba ya chombo ni jengo la jadi lenye jina lake maalumu. Katika pwani ya Norwei jengo hilo huitwa naust. Wataalamu wa lugha hulihusisha neno hilo na shina la kale lililozaa pia neno la Kilatini navis, yaani merikebu. Kwa hiyo maana yake ya asili ni mahali pa chombo. Mabaki yaliyochimbuliwa na wanaakiolojia yanarudi nyuma hadi karne za kwanza baada ya Kristo. Kilichosalia ardhini aghalabu ni kuta mbili ndefu za mawe na udongo, zilizopinda kidogo kufuata umbo la chombo, zikiwa wazi upande wa maji. Nyingine zilikuwa na urefu wa mita 30 hata zaidi.

Mwaka 1985 mwanaakiolojia Bjørn Myhre alichapisha makala mashuhuri akieleza kwamba ukubwa wa nyumba hizo na mahali zilipojengwa vyaweza kusomwa kama ushahidi wa utawala. Penye naust kubwa palikuwa na mtu mwenye uwezo wa kuwakusanya watu wengi na kuwatia makasia mikononi. Baadaye, chini ya utaratibu wa wafalme ulioitwa leidang, wakazi wa kila wilaya ya pwani walilazimika kugharimia merikebu ya vita na kuitunza. Merikebu zenyewe, isipokuwa chache zilizozikwa pamoja na wakubwa kama ile ya Oseberg na ile ya Gokstad, zimeoza zamani. Nyumba zake zimebaki, na mtafiti hupima ukuta ili apate urefu wa chombo asichoweza kukiona.

Naust ya mvuvi au mkulima ilikuwa ndogo, lakini ilijengwa kwa akili nyingi. Kwa kuwa mashua ya mbao hupasuka ikikauka mno na huoza ikilowa mno, kuta zake hazikuzibwa kabisa. Upepo uliachwa upite, na mahali pengine ukuta ulifanywa kwa matawi ya mti wa mreteni yaliyosukwa. Mashua iliburutwa juu ya magogo hadi ndani, nayo matanga, nyavu na makasia yaliwekwa juu darini. Siku hizi nyingi kati ya nyumba hizo hazina mashua. Wenye fedha wametaka kuzigeuza nyumba za mapumziko, na tangu mwaka 1965 dola la Norwei limekuwa likizuia kwa sheria ujenzi katika ukanda wa mita 100 kutoka baharini. Mwezi wa Desemba 2021 UNESCO iliingiza ufundi wa mashua za mbao za nchi tano za kaskazini mwa Ulaya, Norwei ikiwamo, katika orodha ya urithi usioshikika. Yaani huko kwanza palikuwa na jengo, na jengo ndilo lililowakumbusha watu ufundi.

Ufuo ulikuwa nyumba

Msafiri atakayefika Lamu au Unguja akitafuta jengo la namna hiyo atarudi mikono mitupu. Kiswahili chenyewe hakina jina moja lililozoeleka la nyumba ya chombo. Mfasiri hulazimika kusema “banda la mashua”, jina ambalo kila mtu atalielewa ingawa hapana atakayelitambua kuwa jina la kitu fulani kilichojengwa na wazee wake. Kuna neno gudi, ambalo ni mahali pa kuingizia meli ili itengenezwe, lakini hilo latumika zaidi kwa meli kubwa na bandari za kisasa.

Sababu ya ukosefu huo imo katika maji. Katika sehemu kubwa ya pwani ya Waswahili, tofauti baina ya maji makuu na maji kupwa wakati wa bamvua hufikia mita 3 hadi 4. Bamvua huja mara mbili katika kila mwezi wa mwandamo, mwezi unapoandama na mwezi unapokuwa mpevu. Katikati yake kuna siku za maji mafu, ambapo bahari hupanda na kushuka kidogo tu. Nahodha aliyetaka kukipumzisha chombo chake hakuhitaji winchi wala jengo. Alikisogeza juu ya mchanga wakati maji ya bamvua yamejaa, akangoja yapwe. Chombo kilibaki nchi kavu, kikaegemezwa kwa magadi, yaani miti ya kukizuia kisilale upande, na maji hayakukifikia tena hadi bamvua ya pili, baada ya siku kama 14. Aliyetaka kazi ya siku moja tu alikipweleza asubuhi na kukielea jioni.

Katika muda huo kazi ilikuwa nyingi. Chini ya chombo palichomwa makuti makavu ili moto uwaue wadudu wanaotoboa mbao. Mianya kati ya mbao ilipigwa kalafati kwa pamba iliyotiwa mafuta. Sehemu inayokaa majini ilipakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu, na sehemu za juu zikapakwa sifa, yaani mafuta ya papa, ambayo harufu yake hutangaza karakana ya vyombo kabla haijaonekana. Ikiwa chombo kilitakiwa kukaa muda mrefu, kilifunikwa kwa makuti au mikeka ili jua lisipasue mbao. Ikiwa kilikuwa kinaundwa upya, mafundi walijenga juu yake kivuli cha nguzo za mikoko na paa la makuti. Hiyo ndiyo nyumba ya chombo ya Waswahili: paa la msimu mmoja, sakafu ya mchanga, na mlango unaofunguliwa na mwezi. Chombo kikishashuliwa majini, miti ya banda ilichukuliwa kufanyiwa kazi nyingine, na baada ya mwaka mmoja hapakuwa na alama yoyote.

Utaratibu huo uliambatana na pepo. Kaskazi, inayovuma tangu mwezi wa Desemba hadi Machi, ilileta vyombo vya Uarabuni na Bara Hindi. Kusi, inayoanza kuvuma mwezi wa Aprili, iliwarudisha makwao. Kusi ilipopamba moto katikati ya mwaka safari za mbali zilisimama, na ndipo fuo zilipojaa vyombo na mafundi. Kazi ya ufuoni haikuwa ya mafundi peke yao. Kamba za makumbi ya nazi zilikuwa kwa kiasi kikubwa kazi ya wanawake, ambao waliyafukia makumbi katika tope la ufuoni kwa miezi kadhaa mpaka yalainike, kisha wakayafukua, wakayaponda na kuyasokota. Mikeka nayo ilisukwa na wanawake, ikiwamo ile iliyotumika kuwa matanga. Wanaoandika historia ya ubaharia wamezoea kuanza na nahodha, na hivyo nusu ya kazi hubaki nje ya hadithi.

Nyumba isiyo na kuta ina hatari zake. Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikaangamiza vyombo vilivyokuwa bandarini, merikebu za Sultani Barghash zikiwamo, pamoja na mikarafuu mingi ya kisiwa. Lakini hatari kubwa zaidi, kwa upande wa uhifadhi, ni kwamba ufuo hauna hati. Nyumba ya mawe ina mwenyewe, ina mipaka, yaweza kuorodheshwa na kupigwa picha. Ufuo wa mafundi ni wa wote maadamu hapana aliyeutaka. Kule Nungwi, kaskazini ya Unguja, mafundi wangali wakiunda majahazi huku hoteli za watalii zikiwa zimejipanga ubavuni mwao. Katika visiwa vya Lamu, ujenzi wa bandari mpya katika ghuba ya Manda uliwafikisha wavuvi mahakamani. Mwezi wa Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba haki za wakazi, haki ya utamaduni ikiwa miongoni mwake, zilikuwa zimevunjwa, na ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Gati la kwanza la bandari hiyo lilifunguliwa mwezi wa Mei 2021. Hukumu ile yastahili kusomwa na kila mwanafunzi wa utamaduni wa Waswahili, kwa kuwa maji ya uvuvi na njia zake zilitajwa humo kama jambo la utamaduni, hali ambayo orodha za majengo hazikuwahi kuiona waziwazi.

Mtepe

Hapana chombo kinachoonyesha uhusiano wa ufuo na ufundi kuliko mtepe. Kitabu cha Kiyunani cha karne ya kwanza kiitwacho Periplus ya Bahari ya Erithrea, kilichoandikwa kwa ajili ya wafanyabiashara, chautaja mji wa Rhapta katika pwani hii, na chaeleza kwamba jina hilo latokana na mashua zake za kushonwa. Mwaka 1498 mabaharia wa Vasco da Gama walipofika kisiwa cha Msumbiji waliona vyombo visivyo na misumari, mbao zake zikiwa zimeunganishwa kwa kamba na matanga yake yakiwa ya mikeka. Kati ya habari hizo mbili kuna miaka karibu 1,400, na baada ya Wareno kuondoka chombo cha kushonwa kiliendelea kuundwa katika visiwa vya Lamu na vya Wabajuni hadi mwanzoni mwa karne ya ishirini.

Namna ya kuuunda ilikuwa hivi. Mbao ziliwekwa ubavu kwa ubavu, zikafungamanishwa kwa vijiti vya mti vilivyopigwa ndani ya kingo zake. Kisha fundi alitoboa matundu kwa keekee pande zote mbili za kiungo, akaweka juu ya kiungo tita la nyuzi za makumbi, na kushona kwa kamba akivuta kwa nguvu mpaka mbao zibanane. Matundu yalizibwa. Mataruma, ambayo fundi wa Ulaya huyasimamisha kwanza na kuyafunika kwa mbao, hapa yalifungwa ndani mwishoni, ganda likiwa limekwisha kupata umbo. Mlingoti ulibeba tanga la mraba la mkeka. Omo yake ilikuwa ndefu, ikichongwa kama kichwa cha ngamia na kupakwa rangi za macho. Wenyeji walisema ni kumbukumbu ya ngamia wa Mtume.

Wageni wengi waliona katika chombo hicho dalili ya ukosefu wa chuma. Hoja hiyo haitoshi. Chuma kilifuliwa katika pwani hii tangu karne za mwanzo za miji yake, na msumari haukuwa kitu kigeni. Ubora wa mshono ni kwamba haukazi kama msumari: chombo kikiegama juu ya mchanga au kikigusa mwamba, mbao hutikisika kidogo pamoja, na kamba hubeba mzigo bila kupasua ubao. Kwa watu ambao bandari yao ilikuwa ufuo, na ambao kila bamvua waliweza kukipweleza chombo, ulaini huo ulikuwa faida. Gharama yake ilikuwa kazi isiyokwisha. Mtepe ulivuja daima, hata mabaharia wakawa hawana budi kufuta maji safari nzima. Na kamba ziliozapo ilibidi zikatwe na chombo kishonwe upya. Kila ushonaji huo ulikuwa darasa. Kijana aliyemshikia fundi kamba mwaka huu alijua mwaka ujao pa kutoboa.

Hapa ndipo udhaifu wa urithi huo ulipo. Ufundi uliofundishwa kwa kurudiwa haukuhitaji kuandikwa, na pindi marudio yalipokoma haukuwa na pengine pa kukaa. Majahazi ya misumari yalizidi kuenea katika karne ya kumi na tisa. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na kufikia mwaka 1872 meli za moshi za kampuni ya British India zilikuwa zikifika Unguja kwa ratiba. Mtepe ulidumu kwa sababu ya biashara moja hasa, ile ya kubeba boriti za mikoko kutoka Lamu, mzigo mzito usiohofia maji. James Hornell alipochapisha maelezo yake juu ya mtepe mwaka 1941, alikuwa akiandika habari za chombo kilichokwisha kutoweka au kilichokuwa katika pumzi za mwisho. Leo hapana mtepe mzima wa kale uliosalia popote. Biashara ya boriti nayo ilipata pigo Kenya ilipokataza kuziuza nje mwaka 1982.

Chombo ndani ya nyumba ya mawe

Wazee wa pwani waliwahi kukipa chombo nafasi katika nyumba ya mawe, ingawa kwa njia isiyotarajiwa: walikichora ukutani. Kwenye lipu za majumba na misikiti ya kale, Kilwa na kwingineko, imo michoro ya vyombo iliyokwaruzwa kwa ncha ya kisu au ya msumari. Peter na Margaret Garlake waliikusanya na kuichapisha mwaka 1964 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Mingi ni ya mikono isiyo ya mafundi wa kuchora, lakini foromali, kamba na usukani vimewekwa mahali pake kwa uangalifu wa mtu anayejua kazi yake. Kwa mwanahistoria, mikwaruzo hiyo ina thamani kuliko mapambo mengi yaliyochongwa kwa gharama kubwa.

Majumba ya makumbusho yamejaribu kwa njia nyingine. Huko Mombasa, wapiga mbizi waliichunguza kati ya mwaka 1977 na 1980 merikebu ya Kireno Santo António de Tanna, iliyozama mwaka 1697 mbele ya Fort Jesus wakati ngome ilipozingirwa na Waomani. Vitu vilivyopatikana vikawekwa ngomeni. Ni jambo la kufikirisha kwamba chombo cha kale kilichochunguzwa kwa ukamilifu zaidi katika pwani ya Kenya ni cha wageni waliokuja kuitawala. Unguja ilifuata njia ya kuunda upya. Mwaka 2003 palishonwa mtepe mpya, ukaitwa Mtepe Shungwaya, ukawekwa ndani ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, ambalo wakati huo lilikuwa jumba la makumbusho. Kwa mara ya kwanza chombo cha Waswahili kikapata nyumba ya mawe. Lakini nyumba yenyewe ilikuwa mgonjwa. Sehemu ya roshani ilianguka mwaka 2012, na tarehe 25 Desemba 2020, katika matengenezo, mnara wa saa na sehemu kubwa ya upande wa mbele iliporomoka, watu wawili wakafa. Jengo imara kuliko yote ya mji halikuweza kuwa kimbilio la uhakika.

Kwa upande mwingine, ufundi usio na nyumba umeonyesha ukaidi. Katika kijiji cha Matondoni, kisiwani Lamu, na katika kisiwa cha Chole huko Mafia, vyombo vimeendelea kuundwa kwa tezo na kwa macho, bila ya mchoro wa karatasi. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu walishua jahazi dogo la mita 9 lililoundwa kwa takataka za plastiki zilizookotwa ufuoni, likaitwa Flipflopi, na mwanzoni mwa mwaka 2019 likasafiri mpaka Unguja. Mtu aweza kuucheka mkuku wa plastiki. Lakini fundi aliyeuchonga aliuchonga kwa vipimo alivyorithi.

Maneno yaliyobaki nchi kavu

Imebaki nyumba moja ambayo wasomi wa Kiswahili ndio wenye ufunguo wake, nayo ni msamiati. Mwanafunzi wa Lubumbashi au Kisangani ambaye hajapata kuiona bahari husema kwamba mambo yamekwenda mrama. Hapo anatumia neno la mabaharia: mrama ni kule kuyumba kwa chombo mawimbini. Hujifunza kwamba dau la mnyonge haliendi joshi, na kwa kawaida huelezwa kuwa maskini hafanikiwi. Maana hiyo ni sahihi, lakini methali huwa na makali zaidi kwa anayejua kwamba kwenda joshi ni kukata upepo, kazi inayotaka tanga zuri, kamba nzima na mabaharia wa kutosha, vitu ambavyo mnyonge hawezi kuvilipia. Vivyo hivyo mwenda tezi na omo, ambaye marejeo yake ni ngamani, hutembea nyuma na mbele ya chombo kisha hushuka tumboni mwake, mahali maji yanapokusanyika na kufutwa. Asiyejua ngama hupata funzo la methali na kuikosa picha yake.

Maneno hayo yana tabaka. Tanga, kamba na ubao ni ya asili ya Kibantu, nayo ni ya vitu ambavyo wenyeji walivifanya kwa mikono yao. Nahodha, serahangi na bandari yalitoka Kiajemi. Usukani na dira yalitoka Kiarabu. Mashua ilitoka Bara Hindi. Mpangilio huo ni sawa na tabaka za udongo anazozichimbua mwanaakiolojia, na kwa mahali pasipo na kuta za naust ndio uchimbaji ulio karibu zaidi. Padri Charles Sacleux, ambaye kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ilichapishwa Paris mwaka 1939, alikusanya maneno ya vyombo kwa wingi, pamoja na tofauti za lahaja kutoka mahali hadi mahali. Kwa watafiti wa Kongo, wanaosoma Kifaransa bila taabu, kamusi hiyo ni hazina ambayo wenzao wengi wa pwani huifikia kwa shida. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 imehifadhi sehemu ya maneno hayo, ingawa maelezo yake ni mafupi, na asiyekijua chombo hawezi kukijenga kwa kuyasoma.

Kongo yenyewe imo katika historia hii. Mwezi wa Machi 1858 Speke alivuka ziwa Tanganyika kutoka upande wa Ujiji hadi kisiwa cha Kasenge, karibu na ufuo wa magharibi, ili akodi dau la mfanyabiashara Hamed bin Sulayyim, akalikosa. Yaani kabla ya Burton na Speke kuandika habari za ziwa hilo, chombo cha tanga cha namna ya pwani kilikuwa kimekwisha kuundwa na kuelea humo. Mafundi wake walikabiliwa na tatizo jipya. Ziwa halina bamvua wala maji mafu. Hupanda na kushuka polepole kwa majira ya mvua. Ufuo wa Tanganyika haukuweza kuwa nyumba ya chombo kwa namna ileile, na kila chombo kilichotaka kupakwa mafuta kilipaswa kuvutwa kwa nguvu za watu. Majina yalipita ufuo huo yakasonga mbele. Mashua, neno lililovuka bahari kutoka Bara Hindi, limekuwa masuwa katika Kilingala, nalo ni jina la meli ya mto, chombo ambacho mfua maji wa mtepe asingelikitambua.

Katika vinywa vya Wakongo imo mifano iliyo karibu zaidi. Kaskazi ulikuwa upepo kabla ya kuwa upande wa dunia. Kaskazini ni huko unakotoka, na kusini ni huko inakotoka kusi. Maneno hayo mawili yaliletwa bara na watu waliozoea kungoja upepo ufuoni, karibu na chombo kilichoegemezwa juu ya magadi. Leo yameandikwa katika mihuri ya serikali na mabango ya barabara za Goma na Bukavu, kilomita zaidi ya 1,000 kutoka bahari ya Hindi: Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini.